Darlene aliomba choo

Bev, uko? Acha unachofanya. Darlene wetu leo kasema mbele ya madereva wote. KASEMA.

Si unakijua kile kikao cha kujenga uhusiano mwema kati yetu na uongozi? Donati mezani, meneja Pruitt kavaa jezi ya hoki ili afanane na sisi. Eti, "Jamani, leo hapa hakuna bosi. Mtu aseme lililo moyoni."

Darlene akasimama. Akasema kule mwisho wa njia ya basi hakuna choo, na Januari alijikojolea akiwa kwenye usukani, abiria wamo, akamaliza zamu vile vile, kalowa.

Unajua Pruitt kajibu nini? "Asante, dada Darlene, kwa kutushirikisha hisia zako." Halafu akataka tucheze mchezo wa kurushiana mpira!

Hisia, Bev! Hisia!

Darlene hakuketi. "Sijatoa hisia, bosi. Nimeomba choo."

"Tusiharibu hali nzuri tuliyonayo," Pruitt akasema.

Hapo akainuka Gord. Ndiyo, yule yule aliyeendesha basi sisi tukiwa kwenye mgomo, Darlene hajamsalimia tangu siku ile. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi yalinikuta. Mara mbili." Wengine nao wakainuka.

Pruitt akauliza, "Kwani huko mwisho wa njia ni wapi?"

Miaka sita anatuongoza!

Darlene akachukua koti. "Twende nikakuoneshe."

Pruitt akasema ana kikao kingine. Kaondoka. Sisi bado tumesimama, Gord kamshika Darlene mkono, na Darlene hajautoa.