Kidole Nilichokupaka Wino

Mpendwa mdogo wangu uliye Kolwezi,

Jumapili uliniambia mimi dada yako kwenye simu kwamba mtoto ametimiza miezi tisa na humpeleki kuchanjwa surua. "Yaya, miye nilichomwa, na bado surua iliniua sikio." Nikakata simu. Ulidhani mtandao umekatika.

Unakumbuka ulivyokuwa mdadisi? Tulikuwa kwenye foleni ya chanjo, uwanja wa shule pale Panda, una miaka sita. Ukaniuliza: "Ile shindano itajua surua namna gani?" Nikakukemea: sindano haiulizwi maswali.

Jana nimemuuliza muuguzi wa kituo chetu. We! Ungefurahi. Kumbe kwenye chanjo ya surua mna kirusi chenyewe, kimedhoofishwa, ili mwili ukijue sura kabla hakijaja na nguvu zake. Ya pepopunda haina mdudu kabisa, ni sumu ya bakteria iliyotolewa makali. Na malaria? Si kirusi wala bakteria! Ni kimelea, kinabadilika-badilika mwilini, ndiyo maana chanjo yake imewasumbua wataalamu miaka mingi. Niliuliza mpaka akacheka: "Mama, unataka kazi yangu?"

Lakini nilikwenda na swali moja tu: aliyechanjwa anaweza kuugua surua? Akasema hutokea, mara chache. Nilitamani kusema ndiyo yaliyokupata, nirudi nyumbani. Nimeshindwa.

Siku ile nilichomwa kwanza, wakanipaka wino kidole cha mwisho, alama ya aliyechanjwa. Wewe ukalia, ukaning'ang'ania sketi. Nikakuonea huruma. Nikakutoa kwenye foleni, tukajificha nyuma ya darasa, nikatoa mkobani kalamu nene ya Papa, ile ya kuandikia mifuko kiwandani Shituru, nikakupaka kidole kama changu. Mama alitukagua vidole mlangoni, akatupa mandazi mawili mawili. Ulipougua akawa anawaambia majirani, "Shindano ile ni bure, mutoto wangu alichomwa." Nami niko pale pale, nasikia. Amekufa akiamini hivyo, nawe ukakua na maneno yake, ukaisahau kalamu.

Hukuchomwa, mdogo wangu. Sindano haikukusaliti, ni mimi.

Nikasirikie, una haki, hata mwaka mzima. Ila wiki hii mpeleke mtoto. Na ukifika, usiangalie kidole. Angalia sindano ikiingia.

Yaya yako, mwenye kalamu