Mume wa Kwenye Bahasha

Shoga, viza nimenyimwa! Na aliyeniponza ni yule wakala wetu, Profesa.

Si alinipa barua ya maombi ikiwa imefungwa, akasema nikifungua bahasha afisa wa ubalozi atakasirika? Na mimi bwege sikufungua.

Afisa kasoma, kaniangalia. "Ukienda kusoma Ulaya, mume wako na watoto wawili watabaki na nani?"

Mume gani? MUME GANI, shoga? Mimi ambaye hata mchumba sina!

Nikasema sijaolewa. Akasema, "Basi umetudanganya." Akanirudishia pasipoti palepale.

Sikulia. Nimekuja moja kwa moja ofisini kwa Profesa. Nimeambiwa katoka kunywa chai. Wateja sita wanamsubiri, bahasha mapajani. Nikawaambia fungueni.

Wamefungua. Wote wana mume na watoto wawili! Mpaka kaka mmoja mwenye ndevu, naye ana mume!

Sasa tumekaa kimyaaa, mlango tumeurudishia. Namsikia anapanda ngazi, anapiga mluzi.

Leo atakiona cha mtema kuni. Aanze kwa kututajia jina la mume wetu.