Muzee Habarurema Hataki Nimuoshe Tena

Majengo, Goma
Mardi, tarehe 16 septemba 2025

Mupendwa Shangazi Nyiramahirwe,

Pokea salamu nyingi za mukamwana wako Bénita, bibi ya marehemu Valentin wako. Unaamkaje huko kambini Nakivale? Magoti yamekuacha kidogo, ao bado yanakusumbua baridi ikija? Na macho? Kama hauoni vizuri, umuombe Patricia, mwenye kukuletea barua hii, akusomee. Ni mutu wa kanisa letu, anajua kufunga mudomo.

Mimi mwili ni muzima, Mungu asifiwe. Malaria ilinishika mwezi jana, ikaniacha. Lakini sitakudanganya, Shangazi: niko peke yangu mupaka nasemesha sufuria. Tangu tumuzike Valentin, dimanche natoka kanisani, nafunga mulango, na mupaka lundi hakuna mutu ananiuliza kama nimekula.

Kazi ni ile ile, kuchunga wazee na walemavu kwa nyumba zao. Sina patron, sina ofisi. Jamaa zinaelezana tu kwamba kuna mama mumoja pale Majengo, mukono wake ni mwepesi, basi wananiita. Tangu Noeli niko kwa muzee mumoja wa Katindo, jina lake Habarurema. Upande mumoja wa mwili ulikufa, hawezi kujigeuza. Aliyeniomba ni mutoto wake Aurélie, anaishi Bukavu.

Kuchunga muzee wa vile si kumupa uji tu. Asubuhi namuosha na maji ya vuguvugu, kitambaa kimoja cha uso, kingine cha chini, havichanganywi hata siku moja. Kila saa mbili zikipita namugeuza, mugongo naupaka mafuta, maana ngozi ya mutu anayelala tu ikishinda pahali pamoja inaoza. Miezi nane hakukuwa hata kidonda kimoja. Najisifu, ndiyo! Nani mwingine atanisifu?

Na muchokozi, yule muzee! Nikimumwagia maji anasema namuloweka kama maharagi. Tulicheka sana. Jioni nikirudi kwangu nilikuwa na kitu cha kuwaza.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Juma tatu zimepita, nilikuwa namuosha miguu, yeye anaelezea ujana wake. Akasema Masisi alienda tu kufuata ng'ombe, lakini kwao ni Kalengera, kama kwenu. Akataja mutoto wa baba yake mukubwa, Niyibizi, mwenye kidole kilichokatwa na panga. Shangazi! Niyibizi kaka yako, baba mukwe wangu! Miaka mitatu natafuta hata mutu mumoja wa ukoo katika Goma hii, kumbe nimemushika muguu. Sikufikiri. Nikapiga kelele: "Papa! Mimi ni bibi ya Valentin wa Niyibizi!"

Mudomo huu, Shangazi. Ningeukata.

Alivuta drap ya kitanda na mukono wake muzima, akajifunika mupaka shingoni. Kisha kwa sauti ndogo: "Mukamwana wangu, weka kitambaa chini. Utoke." Kwake yeye, mutoto wa Niyibizi ni mutoto wake, na wewe unajua kwetu: mukamwana haoni mwili wa baba mukwe. Mimi nilikuwa nimeuona miezi nane. Nilisimama inje ya mulango, maji bado yananidondoka mikononi, nikalia.

Aurélie alitafuta mwanaume wa kumuosha, Jean-de-Dieu. Si mutu mubaya, lakini ana haraka, anamugeuza kama gunia. Mimi nabaki nyuma ya rideau, kile kitambaa cha mulangoni, namuambia: polepole, inua kiuno kwanza, kausha vizuri. Anaitika ndiyo, ndiyo, na nasikia kabisa kwamba hafanyi. Ngozi ya kiuno ilianza kuwa nyekundu, na siku ya jeudi ikafunguka. Infirmier wa kituo cha afya alikuja akafunga, akasema kidonda kikifika kwa mufupa hatutakiweza. Nilipiga magoti nyuma ya ile rideau, nikamuomba muzee aniruhusu. Akanijibu: "Unataka nikufe bila heshima?"

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba ana furaha na mimi! Wageni wakija anawaonyesha, huyu ni mukamwana wangu. Alituma Jean-de-Dieu aninunulie kitenge, kama baba mukwe anavyofanya. Ndugu niliyemuomba kwa Mungu nimemupata, sasa anaoza mbele yangu, na siruhusiwi kumugusa.

Shangazi, naomba kitu kizito. Wewe ni dada ya Niyibizi, neno lako atalikubali. Umupigie telefone, namba nimeiandika nyuma ya karatasi. Umusalimie kama kaka yako, kwa sababu ndivyo alivyo. Kisha umuambie nimekosea: kwamba Valentin wangu alikuwa wa Niyibizi mwingine, yule wa karibu na mashini ya kusaga, na mimi si kitu kwake. Najua ni uongo, na wewe ni mama wa sala. Nimewaza siku nne mbele ya kuandika. Kosa la desturi nitalibeba mimi.

Akikuamini, hataniita tena mukamwana. Nitakuwa mama wa kazi tu, wa kuingia asubuhi na kutoka jioni, na kitenge nitakirudisha. Itaniuma vibaya, Shangazi. Lakini nipe ruhusa ya kumuosha. Usikawie, kidonda hakingoji.

Unisalimie Uwitonze na watoto wake, na kaka Théoneste kama bado yuko karibu yenu. Mungu akulinde, akuongezee miaka, na akusamehe kwa hili ninalokuomba.

Wako akupendaye, na kwako wewe peke yako bado mukamwana,

Bénita