Bampa Lililokatwa Pembe

Jumanne, Geita.

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika kabla ya saa tatu. Sasa ni alasiri, jua ni kali, na barua iliyo mbele yangu bado haijakamilika. Nimekaa barazani kwangu hapa Kalangalala tangu chakula cha mchana. Ni taarifa fupi tu ya ajali ya gari. Mtu aliyefundisha insha kwa zaidi ya miaka ishirini hakupaswa kupoteza mchana mzima kwa jambo kama hili.

Naandika hapa kwanza, ili niyaone mambo yalivyo.

Nilipofanywa mkaguzi wa shule nilipewa Landrova ya kazi na dereva wake, Masanja, mwenyeji wa vijiji vya Shinyanga. Gari lilikuja na bampa refu la chuma, na ncha zake zilitokeza mbele ya magurudumu pande zote mbili. Njia zetu nyingi hupita katikati ya nyua za minyaa, nazo zilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, si kwa ajili ya gari. Mara mbili ncha ya bampa ilinasa katika nyua za watu. Mara ya pili, karibu na Nyarugusu, iling'oa nguzo ya lango la zizi. Mwenye zizi, mama mmoja mjane, alinisema mbele ya walimu wangu.

"Mwalimu gani huyu anayeingia kwa watu kama fahali?"

Walimu walitazama chini. Najua walikuwa wanazuia kicheko. Aibu hiyo ilinikaa, na mwezi uliopita nikaamuru bampa likatwe pande zote mbili, libaki kipande cha katikati tu. Sikuomba ruhusa ya ofisi kuu, Mwanza. Niliona ni jambo dogo.

Asubuhi ya kukatwa, fundi Abdallah alikuwa amekwisha kuchora mstari wa chaki juu ya chuma. Masanja alivua kofia yake, akanisogelea.

"Mwalimu, bampa ikikatwa, magurudumu itagongwa."

Nilimjibu, "Bampa likikatwa, magurudumu yatagongwa. Sema tena."

Akasimama wima kama mwanafunzi. "Bampa likikatwa, magurudumu yatagongwa."

"Vizuri," nikasema.

Fundi Abdallah alicheka. "Masanja, leo umefuzu! Mama Kulwa akupikie kuku!" Masanja naye akacheka kidogo, akavaa kofia yake, akaenda kusimama kivulini. Msumeno ukaanza kazi.

Nimeandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Sikuongeza wala sikupunguza.

Kwa haki, bampa fupi lilikuwa na faida yake. Tulipita kwenye minyaa bila kugusa jani, na katika uwanja wa shule gari liligeuka kwa urahisi kuliko zamani. Nilifurahi, tena nilimwonyesha Masanja kwamba nimefurahi. Hasara zilikuja polepole. Tope lililokuwa likizuiwa na zile ncha sasa liliruka mpaka kwenye kioo, ikatulazimu kusimama kila baada ya mwendo mfupi ili kukifuta. Tuliponasa kwenye udongo mweusi wa mbugani, Masanja hakuwa tena na mahali pa kutia gogo ili ainue gurudumu la mbele, kama alivyozoea. Alichimba kwa jembe. Hakulalamika, nami nikaona kwamba kutolalamika kwake ni dalili ya kuridhika.

Jana tulikuwa tunakwenda Nyarugusu. Barabara ilikuwa imekatwa na magurudumu ya malori, basi Masanja akashika ukingo wake, kama mimi mwenyewe nilivyomwagiza. Nyasi zimekua kwa mvua hizi. Ndani ya nyasi hizo kulikuwa na kisiki cha mti uliokatwa na wachimbaji kwa ajili ya kuegemeza mashimo yao. Gurudumu la kushoto lilikipiga moja kwa moja. Tairi lilipasuka, chuma kinachogeuza gurudumu kikapinda, na gari likateremka mtaroni.

Hatukuumia. Masanja alishuka, akapima kwa mikono kutoka kwenye kisiki mpaka mahali lilipoishia bampa. Kisiki kilikuwa mahali hasa ambapo ncha ya zamani ingekipokea.

Kisha akaenda kutafuta mtu mwenye ng'ombe. Ningependa angenilaumu.

Mkulima mmoja, Mzee Lutema, alikuja na ng'ombe wake wanne wa jembe, nira mbili. "Mwangaluka," alitusalimia kwa Kisukuma, kisha akalizunguka gari. Huku, gari likizama, nira moja hufungwa kwenye ncha hii ya bampa na nyingine kwenye ncha ile, ng'ombe wakavuta sawasawa na gari likatoka limenyooka. Kila mkulima anajua hivyo. Mzee Lutema alisimama na minyororo yake miwili mikononi.

"Mmeikata pembe hii gari!" akasema. "Sasa nafunga wapi? Masikioni?"

Nilikaribia kumwambia kwamba husemwa "gari hili".

Ikabidi minyororo yote miwili ifungwe kwenye kile kipande cha katikati. Nira mbili zikasongamana, ng'ombe wakagongana mbavu, na upande mmoja ulipovuta kuliko mwingine, mnyororo ukateleza ukang'oa taa ya kushoto.

"Sikio hilo," akasema Mzee Lutema, akaendelea kuwaswaga ng'ombe wake.

Gari lilitoka alasiri, limepinda. Lori la mfanyabiashara mmoja lililivuta mpaka kwa fundi Abdallah. Fundi alilitazama, akanitazama, akaenda kutafuta vyombo vyake. Hakufanya mzaha, naye hupenda mzaha.

Sasa nije kwenye barua.

Ofisi inataka kujua sababu ya ajali na jina la aliyeisababisha. Katika kitabu cha kazi cha Masanja kuna makosa mawili yaliyoandikwa na mabwana wake wa zamani. La tatu ni kufukuzwa. Nalijua hilo kwa sababu kitabu hicho kimo katika kabati langu. Ana mke na pacha wawili, Kulwa na Doto, ambao wanasoma katika shule ninayoikagua, na hana shamba huku.

Mimi nami nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Sijawahi kupata onyo. Kukata chombo cha serikali bila ruhusa ni onyo lisilo na shaka, na huenda wakanipokonya gari, nikamaliza utumishi wangu kwa baiskeli.

Saa saba mchana niliandika hivi: "Ajali ilitokea kwa sababu dereva hakuwa mwangalifu alipouacha mstari wa barabara."

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Haina kosa hata moja la sarufi.

Ni uongo.

Mtu huyu aliniambia. Alivua kofia akaniambia mapema, mbele ya shahidi, kwa maneno manne au matano, jambo litakalotokea. Nilisikia kosa la upatanisho, nikalishughulikia kwa bidii. Onyo lenyewe sikulisikia kabisa. Baada ya kumsahihisha niliona kwamba tumekwisha kumaliza, naye akaona vivyo hivyo. Tena alilirudia onyo lake kwa Kiswahili safi, kwa amri yangu, na hata hapo nilimpa alama tu.

Nimekuwa nikijiuliza ni wangapi wengine. Walimu vijana kutoka vijijini, wazee wa kamati za shule, mama yule wa zizi. Wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya pili, wanaitafuta neno kwa neno, nami nimekaa mlangoni kama askari. Sijui waliondoka na mangapi ambayo hawakuyasema.

Nimeichana karatasi ya kwanza. Naanza upya.

Saa kumi na moja. Naongeza machache.

Nimeandika kwamba mimi ndiye niliyeamuru bampa likatwe, kwamba sikuomba ruhusa, na kwamba dereva alishika ukingo wa barabara kwa agizo langu. Nimeeleza hasara zote za bampa fupi ili asiwepo mkaguzi mwingine wa kuliiga. Kisha nimeandika kwamba dereva alinionya, nikayanukuu maneno yake kama alivyoyasema.

Masanja alikuja kutia sahihi, kwa kuwa taarifa huhitaji sahihi ya dereva. "Shikamoo, Mwalimu." Aliketi kwenye ncha ya kiti. Niliona amevaa shati la Jumapili. Bila shaka alidhani ameitwa kufukuzwa. Aliisoma barua polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika katikati kidole kilisimama.

"Mwalimu, hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika 'magurudumu itagongwa'. Ni 'yatagongwa'."

"Ndivyo ulivyosema."

"Nilisema, halafu ukanifundisha." Alikuwa anajizuia kucheka. "Wakubwa wa Mwanza watasema Masanja hajui Kiswahili."

"Watasema anajua gari," nikamjibu. "Tia sahihi."

Akatia. Kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kumwambia Mama Kulwa, nikamruhusu. Hakungoja chai.

Barua itaondoka kesho asubuhi na basi la Mwanza. Sijui watanijibu nini. Nimeisoma mara ya mwisho kabla ya kuifunga. Kosa limo, katika mstari wa tisa, na chini yake liko jina langu.