Mume Wangu Hataki Kiyoyozi Kwenye Gari Jipya

Mpendwa Bi Mwanasiti,

Pokea salamu zangu na unisaidie kwa fikira, maana mimi zangu zimeniishia. Mimi ni Mbajuni, nimeolewa na Mansur wa kisiwa cha Chovai, zamani tulikuwa na duka Kismayo, na mwaka mmoja kabla ya vita Mansur aliagiza gari jipya, uwezo wetu ukatosha kikorombwezo kimoja tu cha kuongeza, akataka tangi la pili la mafuta kwa safari za mbali, halafu akabadili nia akachukua kiyoyozi, kwa kuwa mamake, Bi Barke, alikuwa na pumu na joto likimtesa.

Vita vilipoingia mjini tulipakia watoto na mama mkwe tukashika njia ya Liboi, mpakani mwa Kenya, na kizuizini wenye bunduki wakatuteremsha, wakanyonya mafuta kwa mpira mpaka yakabaki ya chini tu, tukaenda kidogo gari likazima, tukatembea kwa miguu, na Bi Barke pumzi zikamkatika kabla hatujafika mpakani, tukamzika kando ya njia, tukichimba kwa mikono na sufuria, kisha tukaendelea kwa ajili ya watoto.

Sasa tuko Mombasa, shemeji yangu aliye Ulaya ametusaidia kuagiza gari, na hoteli moja itatupa kazi ya kubeba wageni mradi gari liwe na kiyoyozi. Karatasi ziko kwa jina langu, maana baba yangu ni wa Kiunga na nina kitambulisho cha Kenya, lakini kila kukicha Mansur anarudi kwa wakala wa magari kumwambia, ondoa kiyoyozi, weka tangi la pili, na wakala amechoka, anataka jibu la mwisho wiki hii. Nilipomsihi, Mansur alinijibu polepole kwa lafudhi ya kwao, "Mimi ni mchu niliyemuua mamangu kwa kutaka baridi. Gari hilo likija na kiyoyozi sitalipanda." Tukikosa kazi ya hoteli watoto wataacha shule. Je, niende kwa wakala peke yangu, nithibitishe kiyoyozi bila yeye kujua?

Afnan, Mombasa

Afnan mwanangu,

Poleni. Msiba wa kumwacha mzazi kando ya njia haupoi upesi. Lakini usiende kwa wakala kisirisiri. Gari likifika atakiona kiyoyozi siku hiyo hiyo, na utabaki na gari lisilo na dereva.

Nina la kukulaumu pia. Umeandika mwenyewe kwamba wenye bunduki walinyonya mafuta. Tangi la pili wangeliacha? Wangelinyonya nalo, na mngekwama vile vile. Hilo umeniandikia mimi nisiyekujua, wala sioni mahali ulipomwambia mumeo. Mbona? Mwambie leo, watoto wakiwa shuleni, na umwambie waliomuua mama ni wale wa kizuizini. Usitarajie apone kwa neno moja. Huenda akainuka akatoka. Usimfuate.

Kisha muulize kama Bi Barke alisomewa hitima. Ikiwa bado, waiteni jamaa mlio nao Mombasa muisome Ijumaa hii. Baada ya hapo ndipo mwende kwa wakala, nyote wawili, na atakalochagua Mansur, hata likiwa tangi, litie sahihi, mtafute kazi nyingine ya gari, hata ya kubeba mizigo sokoni. Wakala na asubiri. Bi Barke amesubiri zaidi.