Homa ya Tekla ni H Ngapi?

Alhamisi, Machi. Manyunyu tangu asubuhi hapa Songea, na mimi nimenuna kuliko mawingu.

Nimechoka kuwaambia watu "subirini".

Tekla ana miaka tisa. Mama yake, Mama Ngonyani, alimleta hospitalini kwetu kutoka kijijini huko Madaba, anaungua homa na kukohoa, wiki ileile kuku wao walipoanza kufa. Redio zote zinahubiri mafua ya ndege. Basi mtoto akatengwa kwenye chumba cha peke yake, mama akawa anamwona kupitia dirisha.

Mimi ndiye wa maabara. Nilimpitishia kijiti puani, nikatumia kile kipimo cha haraka tulichopewa kwenye semina. Mistari miwili: virusi vya mafua, aina A.

A gani, sasa?

Hapo kipimo changu kinanyamaza. Mafua ya kawaida ya watu ni H1 au H3. Ya ndege, yanayotisha dunia, ni H5. Ili kujua, lazima sampuli iende Dar, kwenye mashine inayosoma vinasaba. Au wavikuze virusi, wavichanganye na seramu, yale maji ya damu yenye kinga, ya kila H, waongeze damu ya kuku, waone ni seramu ipi inayozuia damu isigandamane. Ndiyo, damu ya kuku! Mimi huku hata friji naliombea dua umeme usikatike.

Nilipakia sampuli kwenye deli la barafu, nikamkabidhi kondakta wa basi, nikamsihi aliweke kivulini. Akaliweka juu ya injini. Siku ya nne Dar wakapiga simu: "Dada, hii imeiva. Tuma nyingine."

Imeiva! Kama ndizi.

Nilijifungia chooni nikalia kwa hasira. Kisha nikarudi kwa Tekla na kijiti kingine. Akaning'ata kidole. Alikuwa na haki. Safari hii daktari wetu aliyekuwa akienda Dar alilipakata deli mwenyewe njia nzima.

Leo saa nne simu imelia. H3. Mafua ya watu, yaleyale ya kila mwaka. Na mtoto mwenyewe hana homa tangu Jumapili.

Nikakimbilia dirishani. "Shikamoo mama! Majibu yamekuja. Siyo ya kuku!"

"Marahaba, mwanangu." Hakutabasamu. "Shemeji yangu kaleta habari asubuhi. Jana majirani wamewachoma kuku wangu waliobaki. Hata mtetea aliyekuwa analalia."

Kisha akaniuliza:

"Sasa wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa gani?"

Mdondo, labda. Sijui. Hakuna aliyempima hata kuku mmoja, mimi nikiwemo. Tulihangaika na H ya mtoto, tukawasahau wenye kesi.

Akaniomba kitu kimoja tu: karatasi. Mwalimu amesema Tekla asirudi darasani bila karatasi ya hospitali. Nikaiandika kwa herufi kubwa, MAFUA H3, nikagonga mhuri. Halafu nikaisoma tena nikaona upuuzi wangu. Kule nani anajua H3 ni nini? Wataiona hiyo H, wakimbie.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Bosi kanung'unika, nami nikanung'unika zaidi, akakubali.

Napanda gari la Madaba pamoja nao. Nitaingia darasani nikiwa nimemshika Tekla mkono. Atakayeikataa karatasi, aniulize mimi.