Maji ya Kumwosha Mzee Saidi

Jumatatu, 3 Novemba
Nimefungua bomba alfajiri. Foleni, vumbi, ugomvi wa madebe. Kila debe na senti zake, napokea mimi. Baraza la mji limesema senti za bomba zilipe kwanza mabomba yenyewe, zitakazobaki zichimbe mtaro wa mtaa huu wa bondeni kabla mvua hazijakolea. Wananiuliza mimi mtaro lini. Nitajuaje?
Jioni bao na Mzee Saidi, fundi bati. Kanifunga mara tatu, kacheka hadi kakohoa. Tangu nitoke Urambo ni yeye peke yake aliyenikaribisha kibarazani.

Alhamisi, 6 Novemba
Mzee Saidi amefariki. Siamini.
Asubuhi dada yake, Bi Zuhura, alikuja na wanawake wenzake, madebe manne. "Maji ya kumwosha ndugu yangu," akasema. Nikanyoosha mkono nipewe senti. Mkono huu huu. Mzungu wa idara ya maji alikuwa aje leo kusoma mita, na mita haijui msiba. Niliogopa senti zisilingane nayo. Bi Zuhura alinitazama, akafungua pindo la kanga, akalipa.
Ningeweza kutoa senti zangu mwenyewe. Wazo halikunijia hadi walipokwisha ondoka. Mjinga mimi.
Mazikoni nilisimama nyuma kabisa. Hakuna aliyenipa mkono.
Mzungu hakuja.

Jumatatu, 10 Novemba
Foleni hakuna. Wanapita na madebe matupu kwenda kisima cha zamani, kile cha wapagazi wa misafara, mbali huko. Maji yake yana tope. Wanayataka hayo hayo.
Nimemwamkia Bi Zuhura, "Shikamoo." Akapita na debe lake. Jamani, shikamoo isiyoitikiwa inauma.

Jumatano, 19 Novemba
Karani wa Baraza amekuja. Bomba haliingizi kitu, kasema, basi mtaro hadi mwakani. Akauliza watu wana nini. Nikasema sijui. Mwoga mkubwa mimi.
Siku nne sasa sijazungumza na mtu kwa Kinyamwezi wala Kiswahili, ila huyu karani.

Jumamosi, 22 Novemba
Mvua. Maji yameshuka kutoka nyumba za wakubwa huko juu, yakaingia nyumba za bondeni. Ukuta wa nyuma wa Bi Zuhura umelowa hadi kiunoni, udongo unamong'onyoka. Mvua nyingine kama hii, utaanguka. Haya nimeyaleta mimi.

Jumapili, 23 Novemba
Sikwenda kanisani. Nimechukua jembe nikachimba nyuma ya nyumba ya Bi Zuhura hadi barabarani, maji yapate njia. Sikuomba ruhusa. Watu walisimama wakatazama. Hakuna aliyeniambia pole. Viganja vimechubuka. Nililia, nakiri, ila kwa tope lile usoni nani angejua.

Jumanne, 25 Novemba
Mvua tena usiku. Ukuta umesimama.
Bi Zuhura amekuja bombani na debe moja. Nyuma yake wanawake wawili. Nikasema, "Shikamoo mama. Leo usilipe."
"Marahaba." Akaweka senti mezani. "Chukua. Hizi ni za mtaro. Zile za ndugu yangu, kaa nazo."
Nimezipokea.
Jioni nimetoa ubao wa bao, nikaufuta vumbi, nikaurudisha chini ya kitanda. Bomba nimefunga saa kumi na mbili.